Video za safari za familia zisiishie kwenye simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji wa gazeti lako nieleze jambo ambalo wengi wetu hulifanya kwa kujifurahisha tu, lakini ambalo mimi, kwa sababu ya kazi yangu, naliona kuwa ni sehemu ya historia yetu inayopotea huku tukiitazama. Nazungumzia video ambazo familia hujipigia zenyewe zinaposafiri: za kwenda kijijini mwisho wa mwaka, za kuvuka bahari kwenda Unguja au Pemba kwa ajili ya Idd, za kumsindikiza mtoto shule ya bweni kwa mara ya kwanza, za matembezi ya Mikumi au Bagamoyo. Nilianza kupiga video za harusi na shughuli nyingine katika enzi za kamera za kubeba begani, na sasa, hapa Tanga, sehemu kubwa ya riziki yangu inatokana na kuhamisha kanda za zamani kuziingiza kwenye kompyuta. Kwa hiyo nabahatika kuona kile ambacho familia zilikirekodi miaka thelathini iliyopita, na nabahatika pia kukaa karibu na wenye kanda zao wanapokitazama upya, nikaona wanachokipita haraka na wanachoniomba nikirudishe nyuma.

Hilo la pili ndilo lililonisukuma kuandika. Karibu kila mteja hupita haraka kwenye mandhari. Mlima Kilimanjaro uliopigwa kupitia kioo cha basi chenye vumbi hauna cha kumweleza mtu ambaye ameshaona picha bora zaidi za mlima huohuo kwenye kalenda, na ufukwe wa Nungwi wa wakati ule, ukipigwa kutoka mbali bila mtu hata mmoja, haumshughulishi. Lakini ikitokea sauti ya bibi akiuliza kama chakula cha njiani kimeshafungwa, au mkono wa baba ukihesabu nauli, au utingo akiita abiria waliochelewa kurudi kwenye basi, mtu husogea mbele kwenye kiti na kusema, "Hapo, hapo, rudisha kidogo." Wanachokitafuta ni watu wao, sauti za watu wao, na yale mambo madogo ya njiani ambayo siku ile hakuna aliyeyapa uzito.

Nitoe mfano mmoja. Dada mmoja aliniletea kanda ya VHS ya safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi iliyopigwa katika miaka ya 1990, yaani kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Agosti 2003. Anayeikumbuka barabara ya Kusini ya wakati ule hahitaji kusimuliwa: magari yalipanga foleni Ndundu kusubiri pantoni ya kuvuka Mto Rufiji, masika yalipokolea abiria waliweza kukwama njiani kwa siku kadhaa, na hata baada ya daraja kukamilika, kipande cha Ndundu hadi Somanga chenye urefu wa takriban kilometa 60 kiliendelea kuwatesa wasafiri kwa miaka mingi. Katika kanda hiyo mpigaji, ambaye kwa hakika alikuwa amechoka kusubiri, aliiacha kamera ikirekodi kwa dakika kadhaa bila kulenga kitu maalumu. Humo wanaonekana akina mama wakipita kati ya magari na masinia ya samaki wa kukaanga, dereva wa lori amelala juu ya mkeka chini ya tela lake, na wanaume wawili wanabishana kama basi litatangulia kuvuka au malori. Kisha mtoto wa kike mwenye gauni la manjano anamwuliza mama yake kama mamba wa Rufiji wanaweza kupanda kwenye pantoni. Mama anamjibu kwamba mamba hawana nauli, na wote wawili wanacheka. Huyo mtoto ndiye dada aliyeniletea kanda. Mama yake ameshafariki, na pamoja na kwamba familia hiyo ina albamu kadhaa za picha za mnato, hakuna mahali pengine popote ambapo sauti ya mama yule inasikika. Alinitaka nimkatie kipande hicho peke yake, na akakisikiliza mara nyingi kabla ya kuondoka dukani.

Ndugu Mhariri, hebu tujiulize ni nani mwingine aliyekuwapo Ndundu siku ile na kamera. Ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na hata baada ya hapo kamera za habari zilifuata viongozi na matukio makubwa. Hakuna mwandishi aliyetumwa kwenda kupiga foleni ya pantoni kwa sababu tu watu walikuwa wanasubiri, wanakula na wanataniana. Aliyelirekodi jambo hilo ni baba wa familia mwenye kamera ya kuazima. Nyaraka rasmi zitatueleza daraja lilifunguliwa lini na nani alikata utepe, lakini namna wananchi walivyoishi kabla ya daraja imo katika kanda za watu binafsi, nazo zimo makabatini, chini ya vitanda na kwenye masanduku ya chuma huko kwenye nyumba za wazee.

Na mabadiliko ya namna hii yanaendelea mbele yetu. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, na wapo watoto wa Kigamboni waliokwishakua bila kujua kwamba zamani kila safari ya familia kwenda ng'ambo ilianza na pantoni. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihama kutoka Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021. Reli mpya ya kisasa ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa tatu, na safari ya kuvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko, ambayo wasafiri wa Sengerema na Geita waliizoea maisha yao yote, ikawa ya magari kupita tu kwa dakika chache. Majirani zetu wa Kenya nao walishuhudia treni ya zamani ya usiku kati ya Mombasa na Nairobi ikiachia nafasi treni ya reli mpya mwaka 2017. Mimi nafurahia maendeleo hayo kama mwananchi mwingine yeyote, kwa kuwa hakuna aliyelala Ndundu na watoto wadogo anayetamani siku zile zirudi. Ninachokitamani ni kwamba wale waliokuwa na kamera katika vivuko hivyo na treni hizo wajue kwamba walichonacho kinahitajiwa.

Wenzetu wa nchi nyingine wameliona jambo hili mapema. Huko Marekani, Maktaba ya Bunge huchagua kila mwaka filamu za kuhifadhiwa kwa niaba ya taifa zima, na mwaka 2008 katika orodha hiyo, pamoja na kazi za studio kubwa, iliingizwa filamu ya nyumbani ya familia ya Barstow kutoka mji wa Wethersfield, jimbo la Connecticut. Baba wa familia hiyo, Robbins Barstow, aliirekodi mwaka 1956, wakati yeye, mkewe na watoto wao watatu waliposhinda shindano la kampuni ya utepe wa kunata na kuzawadiwa safari ya Disneyland, bustani ya michezo iliyokuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla yake. Hakuwa mtengenezaji filamu wa kuajiriwa. Alikuwa mzazi aliyependa kamera. Filamu yake inathaminiwa leo kwa sababu inaonyesha familia ya kawaida ilivyovaa, ilivyopanda ndege na ilivyofurahi katika miaka ile. Katika picha moja, pembeni kabisa, anaonekana kijana mdogo anayeuza vitabu vya kuwaongoza wageni, ambaye baadaye alikuja kuwa mchekeshaji mashuhuri Steve Martin. Barstow hakuwa na namna ya kujua hilo. Alikuwa anawapiga watoto wake, na dunia iliyowazunguka ikaingia ndani ya fremu yenyewe.

Ni kweli kwamba katika nchi zetu kamera zilichelewa kuwafikia watu wa kawaida. Kampuni ya Kodak ilianza kuuza filamu ya milimita 16 kwa ajili ya watu wa nyumbani mwaka 1923, ikaleta ya milimita 8 mwaka 1932 na ile ya Super 8 mwaka 1965, lakini Afrika Mashariki vifaa hivyo vilikuwa mikononi mwa watu wachache sana wenye uwezo. Video ya kanda ndiyo iliyotufikia sisi wengine, kuanzia miaka ya 1980. Kwa watu wa pwani na visiwani kanda zilifanya kazi ya barua: ndugu waliokuwa Maskati na Dubai walirekodi nyumba zao, watoto wao na safari zao za kuja kutembelea Unguja, kanda zikasafiri na wageni kwenda na kurudi, na jamaa wakakusanyika kwenye nyumba yenye deki kuzitazama. Kanda za namna hiyo bado zinaniletea kazi hadi leo. Nyingine hutoka kwa ndugu waliokuwa Marekani, nazo zilirekodiwa kwa NTSC, mfumo wa picha wa huko, ambao deki zetu za mfumo mwingine uitwao PAL hazikuweza kuuonyesha sawasawa, kwa hiyo zipo familia ambazo zilitunza kanda kwa miaka mingi bila kuwahi kuona kilichomo ndani.

Sasa nije kwenye simu, kwa sababu hapa ndipo ninapoona tunapoteza nafasi. Leo karibu kila familia inaposafiri ina kamera mfukoni iliyo bora kuliko ile niliyoianzia kazi, na haihitaji kanda wala betri ya kubeba begani. Lakini video nyingi ninazoonyeshwa na vijana ni za sekunde chache, zimepigwa ili ziwekwe kwenye stetasi ambayo hutoweka baada ya saa 24, zimefunikwa na muziki ulioongezwa juu ya sauti ya asili, na anayeonekana ndani yake ni mpigaji mwenyewe akiwa mbele ya kitu. Sina ugomvi na vijana kujipiga. Sura zao za leo nazo zitatafutwa kesho. Ombi langu ni kwamba, baada ya kujipiga, waigeuze kamera upande wa pili, na waiache sauti ya pale walipo isikike.

Tuseme familia inakwenda Moshi mwezi Desemba, kama ambavyo maelfu ya familia hufanya kila mwaka, na bibi amepewa kiti cha dirishani. Basi limepita Mombo, milima ya Usambara imekuwa mkono wa kulia na ya Upare inakaribia, watoto wameanza kuchoka. Huo ndio wakati wa kumwelekezea bibi simu na kumwuliza taratibu: bibi, mara ya kwanza ulipita njia hii lini, ulikuwa na nani, mlipanda nini? Huenda akaeleza habari za treni ya abiria ya Moshi, ambayo ilisimama kwa zaidi ya miaka 20 na kurejea Desemba 2019, jinsi alivyopanda akiwa msichana na sanduku la bati, na steshoni gani walinunua machungwa. Bibi huyohuyo ukimkalisha sebuleni na kumwambia asimulie historia yake atanyamaza au atasema maneno mawili ya heshima, lakini ndani ya gari, akiiona njia yenyewe ikipita dirishani, maneno humjia bila kulazimishwa. Kila mlima na kila mto unamkumbusha mtu. Nimeona kanda chache sana za namna hii, na kila niliyoiona wenyewe waliitaka nakala kwa kila mtoto na kila mjukuu.

Mambo mengine ya kupiga ni yale yanayoonekana ya kuchosha: mizigo ikipangwa kwenye buti, mabishano kuhusu nani atakaa wapi, sufuria ya pilau ikifungwa kwa kanga, wauza korosho na mahindi ya kuchoma wakikimbilia madirisha, bei wanazozitaja, tiketi mkononi, kelele za stendi alfajiri, na jinsi wenyeji wanavyotoka nje kuwapokea wageni mnapofika. Kupokelewa kule ni jambo ambalo kila familia ina namna yake, na hudumu chini ya dakika moja. Ni vizuri mtu mmoja ashuke garini mapema na simu ikiwa inarekodi, kwa sababu shangazi aliyekuja mbio na kuangua vigelegele hawezi kuombwa arudie.

Kuhusu ufundi nitasema machache. Shika simu kwa mlalo pale unapotaka watu na mahali vionekane pamoja, na tuliza mikono. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuhamia kitu kingine, kwa kuwa anayerukaruka huku na huko hampi mtazamaji nafasi ya kuona. Usivute picha kwa vidole. Sogea wewe mwenyewe. Futa lenzi, hasa mkiwa ufukweni. Upepo huharibu sauti kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo upe mgongo, na ukitaka kumsikia mtu mkaribie hadi hatua mbili au moja. Mwanzoni mwa safari sema kwa sauti yako tarehe, mahali mlipo na majina ya mliosafiri pamoja, maana mjukuu atakayeitazama video hiyo mwaka 2060 hatawajua wote, na wa kumweleza huenda hayupo.

Lipo pia suala la adabu, nalo nalipa uzito. Wazee wetu wanastahili kuombwa ruhusa kama mtu mwingine yeyote. Wapo wasiotaka kupigwa picha kabisa, na wapo akina mama wa pwani ambao hawapendi kuonekana bila mtandio hata kama video ni ya nyumbani. Watoto wanaoogelea wakiwa uchi wasipigwe, au wakipigwa kwa bahati mbaya kipande hicho kifutwe. Maziara na misiba si mahali pa kuingia na kamera bila idhini ya wenye msiba, na penye vibao vya kukataza picha, kama kwenye makambi ya jeshi, vibao hivyo viheshimiwe. Nchi yetu imekuwa na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2022, lakini heshima hiyo tulikuwa nayo kabla ya sheria. Kupiga kwa ajili ya familia ni jambo moja na kurusha mtandaoni ni jambo lingine, na aliyekubali la kwanza hajakubali la pili. Isitoshe, anayerusha video za safari akiwa bado njiani anawatangazia watu kwamba nyumba yake haina mtu.

Nirudi kwenye kanda za zamani, kwa sababu kwa hizo muda umekwisha au unakaribia kwisha. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, na wataalamu walikuwa wameutaja mwaka 2025 kuwa ndio mpaka ambao baada yake mashine za kuzichezea zitakuwa adimu mno. Kampuni ya Kijapani ya Funai, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016. Mimi deki zangu naziendesha kwa vipuri vinavyotolewa kwenye deki nyingine zilizokufa, na mafundi wanaozijua wanazidi kupungua. Kwenye miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Zanzibar adui mkubwa zaidi ni unyevu. Ukiichukua kanda na kuitazama kupitia kidirisha chake cha plastiki, mara nyingi utaona kingo za utepe zimepata unga mweupe au madoa yanayofanana na utando wa buibui. Huo ni ukungu. Kanda yenye ukungu isiingizwe kwenye deki kwa kujaribu, kwa sababu utepe unaweza kunata na kukatika, vichwa vya deki vikachafuka, na ukungu ule ukahamia kwenye kanda nyingine zitakazofuata. Ipelekwe kwa mtu anayejua kuisafisha kwanza. Zilizo salama zitunzwe zikiwa zimesimama, mahali pakavu pasipo jua, mbali na spika na sumaku, na kile kijibamba kidogo cha plastiki kilichoko mgongoni mwa kaseti ya VHS kivunjwe, ili asitokee mtu wa kurekodi mpira juu ya safari ya familia. Hili la mwisho nimelikuta mara nyingi: safari inaanza, watu wanapanda boti, na ghafla inaingia mechi.

Wenye simu nao wasidhani wamesalimika. Simu huibwa, huanguka majini, hujaa, na anayenunua mpya mara nyingi huacha kila kitu kwenye ile ya zamani. Video ya dakika moja yenye ubora wa kawaida wa juu huchukua takriban megabaiti 60 hadi 130, kwa hiyo safari ya siku chache yaweza kuijaza simu, na mtu huanza kufuta akiwa bado njiani. Kuwatumia ndugu kwa WhatsApp ni vizuri ili wote waone, lakini ifahamike kwamba WhatsApp huibana video ili iwe nyepesi na ubora wake hushuka. Anayetaka kutuma ile halisi aitume kama hati. Mkirudi nyumbani, kabla shamrashamra hazijasahaulika, hamisheni video zote kwenye kompyuta au diski ya nje, mfanye nakala ya pili ikae kwenye nyumba nyingine, kwa kaka au kwa dada, na kama bando linaruhusu mweke ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mafaili yapeni majina yanayoeleweka, yenye mwaka, mwezi na njia, kwa mfano "2025 Desemba, Dar hadi Moshi, bibi na wajukuu," na ndani ya folda hiyohiyo mweke karatasi iliyopigwa picha yenye majina ya wote wanaoonekana. Diski hufa bila kuaga, kwa hiyo kila baada ya miaka michache zifunguliwe na kukaguliwa.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza nalielekeza kwa gazeti lako, kwamba litenge nafasi, hata iwe mara moja kwa mwezi, ambapo wasomaji wataeleza kwa maandishi kilichomo katika kanda au video moja ya safari ya familia yao: njia ipi, chombo gani, mwaka gani, nani anasikika. Naamini wengi watakwenda kufungua makabati kwa sababu ya safu hiyo. La pili nalielekeza kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kwa Makumbusho ya Taifa, kwa taasisi za namna hiyo zilizoko Zanzibar, na kwa vyuo vikuu vinavyofundisha historia na habari. Tarehe 27 Oktoba ya kila mwaka ni Siku ya Urithi wa Sauti na Picha Duniani, iliyowekwa kukumbuka azimio la UNESCO la mwaka 1980 kuhusu kulinda picha zinazojongea, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika miji mbalimbali duniani wananchi hualikwa siku maalumu kuleta filamu zao za nyumbani, zikakaguliwa na wataalamu na kuonyeshwa kwa jirani. Tunaweza kufanya hivyo hapa kwetu bila gharama kubwa: ukumbi mmoja, deki chache zinazofanya kazi, kompyuta, mtu wa kusafisha ukungu na mtu wa kuandika majina. Mwenye kanda aondoke na kanda yake na nakala yake, na akiridhia, nakala nyingine ibaki kwa taifa kwa masharti anayoyataka yeye, ikiwa ni pamoja na kutoonyeshwa hadharani hadi muda fulani upite.

Kwa upande wangu, endapo siku hiyo itaandaliwa Tanga au Dar es Salaam, nitaleta deki zangu zote za VHS na ile ya kanda ndogo za Video8, pamoja na kibadilishio cha kaseti ndogo za VHS-C ambacho wengi hawana, na nitafanya kazi hiyo bila malipo. Wakati tukisubiri, wasomaji wenye safari ya Desemba wanaweza kuanza na bibi au babu atakayekuwa garini.

Wako,

Mpiga video wa zamani,
Tanga